Filamu ilipata A+, mbona tiketi hazikuuzwa?

Jumapili jioni, sare za shule zikiwa zimeshaanikwa na wali uko jikoni, mama mmoja wa Mbagala aliketi na watoto wake wawili kutazama filamu. Baba mdogo wa watoto alikuwa amekuja na kompyuta mpakato yake, akaiunganisha na televisheni kwa waya, akawaachia na kwenda zake kuangalia mpira.

Filamu yenyewe ilikuwa Queen of Katwe, ya mwaka 2016, inayosimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyekuwa akiuza mahindi mtaani hadi alipokutana na mwalimu Robert Katende na ubao wa sataranji.

Mtoto wa kiume, mwenye miaka minne, alichoka mapema akarudi kwenye gari lake la kopo. Dada yake wa darasa la sita hakupepesa macho. Mama naye, kila alipotokea Lupita Nyong'o akiigiza mama mjane anayetolewa kwenye nyumba pamoja na wanawe, aliinuka kwenda kuangalia kama wali umeiva. Aliuangalia mara nne.

Ilipokwisha, binti aliuliza swali ambalo watoto wa siku hizi huuliza kuhusu kila kitu.

"Mama, hii ilipata hela nyingi?"

"Itakosaje, mwanangu? Ilivyo nzuri hivi."

Binti hakuridhika na jibu la mdomoni. Alichukua simu ya mama, wakatafuta pamoja, na wakakuta mambo mawili yasiyopatana. La kwanza, watazamaji wa Marekani walioulizwa maoni yao ukumbini waliipa filamu hiyo A+, alama ya juu kabisa inayoweza kutolewa. La pili, duniani kote iliuza tiketi za dola milioni 10 na ushee tu, wakati kuitengeneza kuligharimu dola milioni 15. Na ieleweke kwamba katika kila tiketi, karibu nusu ya fedha hubaki kwa mwenye ukumbi.

"Sasa mama, mtu anapata A+ halafu anafeli?"

Kwa nyumba ambayo matokeo ya mitihani hubandikwa mlangoni mwa friji, swali hilo halikuwa dogo. Mama alimwambia akale, watazungumza kesho. Ukweli ni kwamba hakuwa na jibu.

Hiyo A+ hutolewa na kampuni iitwayo CinemaScore, yenye makao yake Las Vegas. Chanzo chake ni kisa ambacho mzazi yeyote aliyewahi kubana bajeti ya wiki ili atoke na familia atakielewa. Mwaka 1978 Ed Mintz, aliyefariki dunia mwaka 2024, alikwenda na mke wake kutazama The Cheap Detective, vichekesho vilivyoandikwa na Neil Simon. Mintz alikuwa mpenzi mkubwa wa kazi za Simon. Lakini hiyo hakuipenda hata kidogo, na wakati wanatoka akamsikia mtazamaji mwingine akilalamika kwamba afadhali angesikia watu wa kawaida wanasemaje, kuliko kuwasikiliza wahakiki wa magazeti.

Neno hilo lilibaki kichwani mwake. Jinsi ya kulifanyia kazi aliipata mahali ambapo hakuna mtu angetafuta biashara ya sinema, yaani kwenye ibada ya Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi. Siku hiyo kuandika hakuruhusiwi, kwa hiyo waumini wanaotaka kuahidi mchango hupewa kadi yenye vipande vidogo pembeni. Unakunja kipande chenye kiasi unachoahidi, unairudisha kadi, basi. Hakuna kalamu wala foleni.

Mintz akaona papo hapo kwamba kadi ya namna hiyo ingefaa kwenye ukumbi wa sinema, mahali penye giza, watu wana haraka na hakuna mwenye kalamu. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni.

Hadi leo utaratibu haujabadilika sana. Siku ya Ijumaa filamu inapofunguliwa, wafanyakazi wa kampuni husimama kwenye kumbi katika miji mitano iliyochaguliwa bila mpangilio, wakigawa kadi. Kadi ina maswali machache: jinsia yako, umri wako, filamu unaipa alama gani kuanzia A hadi F, kwa nini umekuja kuiona, na kama ungeinunua au kuikodi uitazame nyumbani. Kwa kawaida hukusanywa kadi kama 400 kwa filamu moja. Kabla ya usiku wa manane huko pwani ya magharibi ya Marekani, wakati hapa kwetu ni Jumamosi asubuhi na watu wako kwenye chai, wakubwa wa studio wanakuwa wameshapata matokeo, yamegawanywa kwa wanaume na wanawake, chini ya miaka 21, miaka 21 hadi 34, na 35 kwenda juu.

Kadi 400 zinaweza kuonekana chache kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Lakini kazi ya kadi hizo ni kuwapima watu waliokuwa ukumbini siku hiyo, basi, na kwa kazi hiyo zinatosha kuliko mtu anavyodhani. Mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi, hanywi sufuria nzima.

Mwanzoni Mintz alikuwa akiwapa wananchi matokeo hayo, kupitia safu ya gazeti na kipindi cha redio. Tangu mwaka 1989 kampuni ikaanza kuziuzia studio. Hapo ndipo maoni ya mtu na mkewe waliochukia filamu yalipogeuka bidhaa.

Studio hununua kwa sababu alama hiyo inasema jambo kuhusu fedha za kesho. Wafanyabiashara wa filamu wana hesabu yao rahisi. Wanachukua mapato yote ambayo filamu imeingiza Marekani na Kanada hadi ilipoondolewa kwenye kumbi, wanayagawa kwa mapato ya siku tatu za kwanza. Jibu linaonyesha kama watu waliendelea kuja. Kwa filamu zilizotoka kati ya mwaka 2004 na 2014, zile zilizopata A+ ziliingiza kwa wastani mara 4.8 ya mapato ya wikiendi ya kwanza. Zenye A mara 3.6. Zenye C mara 2.5.

Maana yake ni kwamba wikiendi ya kwanza watu huja kwa matangazo, mabango na sura za waigizaji. Wikiendi ya pili wanaletwa na jirani, shemeji na mfanyakazi mwenzao. Kadi ya Ijumaa inajaribu kusikiliza mapema kile ambacho jirani atasema Jumatatu.

Mifano ipo mingi, lakini mmoja unachekesha. Januari 2012 filamu ya kutisha iitwayo The Devil Inside ilifunguliwa kwa dola zaidi ya milioni 33. Watazamaji wakaipa F. Wikiendi iliyofuata mapato yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Jirani alikuwa ameshasema. Hata hivyo filamu ile ilitengenezwa kwa kama dola milioni moja, na hadi inaondoka ilikuwa imeingiza zaidi ya milioni 50 Marekani peke yake. F ile haikumfilisi mtu.

Upande wa pili ni The Greatest Showman. Desemba 2017 wikiendi yake ya kwanza ilileta dola milioni 8.8, kiasi cha aibu kwa filamu kubwa ya nyimbo na dansi. Lakini kadi zilikuwa zimesema A. Watu wakawaambia watu, nyimbo zikaimbwa kwenye magari, na filamu ikakaa kwenye kumbi hadi ikafikisha dola milioni 174 Marekani, karibu mara 20 ya ilivyoanza. Wazazi watakumbuka pia Elemental ya Pixar, Juni 2023. Ilianza kwa dola milioni 29.6, kidogo sana kwa studio ile, na ikaonekana imeshindwa kabla Jumapili haijaisha. Alama yake ilikuwa A. Familia ziliendelea kuja taratibu msimu mzima wa likizo, na mwisho wa safari ilikuwa imekaribia dola milioni 500 duniani kote.

Basi kama A huleta watu, na A+ huleta zaidi, Queen of Katwe ilikwama wapi?

Mama wa Mbagala ni muuguzi kwenye zahanati, upande wa kliniki ya mama na mtoto. Jibu alilipata Jumatano, akiwa hata hafikirii filamu.

Zahanati ina sanduku la maoni. Kila baada ya muda mganga mfawidhi humkabidhi mtu mmoja ufunguo, azitoe kadi, azihesabu na kuandika taarifa. Safari hii zamu ilikuwa yake. Alizimwaga mezani akaanza kuzipanga. Nzuri. Nzuri sana. Wauguzi wana lugha nzuri. Mungu awabariki. Moja ililalamikia choo, na ilikuwa na haki. Rundo la sifa lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwenzake aliyekuwa akipita alimtania kuwa sasa waombe nyongeza ya mshahara.

Kando ya rundo hilo, mezani hapohapo, kulikuwa na daftari la chanjo. Mtoto hupata chanjo ya surua ya kwanza akiwa na miezi tisa, ya pili akiwa na miezi 18. Katika daftari, safu ya miezi tisa ilikuwa imejaa alama za vema. Ya miezi 18 ilikuwa na mapengo, majina ya watoto na mbele yake pakavu. Akina mama hao walikuja mara ya kwanza. Hawakurudi. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kadi kwenye lile sanduku, kwa sababu sanduku liko ndani, karibu na benchi la kusubiria, na kadi huijaza aliyefika.

Aliyesimamishwa saa nne na mtoto mgongoni kisha akaondoka bila huduma hakujaza kadi. Aliyekosa nauli hakujaza, wala yule ambaye mumewe alimwambia chanjo moja inatosha. Kadi zilikuwa za kweli kabisa, kila moja. Lakini zilitoka kwa watu waliofika, wakakaa, wakahudumiwa.

Aliliangalia rundo, akaliangalia daftari, akamkumbuka binti yake na A+ yake.

Watafiti wa afya wanaijua hali hii vizuri na huiogopa. Ukiwauliza wagonjwa waliopo wodini kama hospitali ni nzuri, umewaacha nje waliokata tamaa na kwenda kwingine. Ukiwahoji wazee wa miaka 80 siri ya kuishi miaka mingi, hujawahoji waliofariki wakiwa na 50, ambao pengine nao walikuwa wakila vilevile. Jibu linaweza kuwa sahihi na bado likawa jibu la swali jingine.

Kadi ya sinema iko hivyohivyo. Inawauliza watu ambao tayari waliamua kuja, siku ya kwanza kabisa, kwa fedha yao. Hao si watazamaji wa kawaida. Ni mashabiki, ni wale waliokuwa wakiisubiri. Wanachopima hasa ni kama walichoahidiwa na tangazo ndicho walichopewa. Ndiyo maana mother! ya mwaka 2017, yenye nyota mkubwa Jennifer Lawrence, ilipata F hali baadhi ya wahakiki waliisifu sana. Wengi waliingia wakitarajia filamu ya kutisha ya kawaida wakakutana na fumbo. Ndiyo maana pia filamu za kutisha kwa jumla hupata alama za chini kuliko nyingine, kwani mtu aliyetishwa sawasawa huwa hana moyo wa kugawa A akiwa mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza filamu ilipata alama gani, kuna swali linalotangulia: waliokuja ni akina nani, na ni wangapi?

Hapo Lupita Nyong'o anaturahisishia kazi, maana amecheza pande zote mbili za swali hili. Queen of Katwe ni ya Disney, alama A+. Miezi 17 baadaye, Februari 2018, ikatoka Black Panther, nayo ya Disney, Lupita yumo, alama A+. Alama ni ileile. Ya kwanza iliishia dola milioni 10 duniani. Ya pili ilipata dola milioni 202 Marekani kwa siku tatu za kwanza, ikafika milioni 700 nchini humo na zaidi ya bilioni 1.3 duniani.

Bila shaka bajeti hazikulingana, matangazo hayakulingana, na ya pili ilibebwa na jina la Marvel ambalo watu tayari walikuwa wakilifuata. Lakini tazama waliokuwa ukumbini. Utafiti mwingine wa mlangoni, uitwao PostTrak, ulionyesha kwamba katika wikiendi ya kwanza ya Black Panther asilimia 37 ya watazamaji walikuwa Wamarekani weusi, asilimia 35 wazungu na asilimia 18 wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Sehemu ya Wamarekani weusi ilikuwa kubwa kuliko ilivyozoeleka kwa filamu za mashujaa, na wakati huohuo hakuna kundi lililobaki nyumbani. Wale ambao filamu iliwalenga walijitokeza kwa wingi usio wa kawaida, na wengine wakaja pamoja nao. A+ ya watu wengi wa kila aina, kila mmoja akirudi kwenye mtaa wake kusimulia, ni kitu kingine kabisa na A+ ya watu wachache.

Queen of Katwe ilianza na kumbi 52, kisha ikapanuliwa hadi zaidi ya 1,200. Wikiendi hiyo ya kupanuliwa ilileta kama dola milioni mbili na nusu. Gawanya kwa kumbi hizo uone, ni kama dola 2,000 kwa ukumbi mmoja kwa siku tatu. Viti vilikuwa vitupu. Waliokuwa wamekaa kwenye viti vichache walitoka na machozi na wakatoa A+, na hawakusema uongo. Lakini zidisha milioni mbili na nusu mara tano kamili, bora kuliko wastani wa filamu za A+, bado unapata 12.5, na gharama ilikuwa 15. Alama nzuri huzidisha kilichopo.

Kwa nini familia nyingine hazikuja? Pengine mchezo wa sataranji haukuwavuta. Pengine trela haikuwafikia, au hapakuwa na mtu anayerusha ngumi wala kuruka angani. Kila mtu ana dhana yake. Kadi haziwezi kujibu, kwa sababu wenye jibu hawakuwa ukumbini.

Na hili si suala la udadisi tu. Mira Nair, aliyeiongoza filamu ile, aliipiga Kampala kwenyewe, na mhusika mkuu, Madina Nalwanga, alikuwa msichana wa huko huko. Mtu anayekaa kwenye meza ya studio kuamua kama itengenezwe filamu nyingine kuhusu mtoto wa Katwe, au wa Mbagala, mbele yake ana karatasi mbili, ya alama na ya mauzo. Karatasi ya mauzo ndiyo inayosainiwa.

Binti alipoelezwa hayo, jioni ya Jumatano, akiwa anamenya viazi, alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo tungekwenda sisi, ingesaidia?"

Mama alicheka. Wao wangekwendaje, wakati mwaka ule yeye alikuwa mdogo hata wa kubebwa? Lakini alipiga hesabu ya sinema ya leo. Tiketi nne, kwa sababu baba watoto hawezi kuachwa. Daladala kwenda na kurudi, au bajaji kama ni usiku. Bisi, ambazo mtoto wa kiume ataziomba kabla hajakaa. Hizo ni fedha za soko za siku kadhaa. Mzazi wa hesabu hizo haendi Ijumaa usiku ya ufunguzi. Husubiri kwanza asikie, kisha huchagua Jumamosi mchana, pengine wiki ya tatu, pengine likizo. Mzazi wa Ohio naye hufanya hivyohivyo, na ndiyo sababu filamu za watoto zimewahi kuwaaibisha wanaotabiri kwa kuangalia Ijumaa peke yake. Kundi lenye watoto huwa bado linafua.

Watafiti wenyewe wameliona hilo. PostTrak, kwa filamu za familia, huwahoji wazazi peke yao na watoto wa chini ya miaka 12 peke yao. Ni jambo la busara, kwani mtoto anaweza kutoka akirukaruka wakati baba yake alisinzia tangu dakika ya ishirini. Na atakayeamua kama mtarudi tena na binamu zake wiki ijayo si baba, hata kama pochi ni yake.

Kwa mzazi anayetafuta filamu ya kuwaonyesha watoto, A+ ina mpaka mwingine ambao ni rahisi kuusahau. Haisemi filamu inamfaa nani. The Passion of the Christ ya Mel Gibson ilipata A+ mwaka 2004, na wengi walitoka nayo wakiwa wameguswa sana, lakini ina damu na mateso kiasi kwamba Marekani iliwekewa daraja la kuzuia wenye chini ya miaka 17 wasiingie bila mzazi. Waliotoa alama ile walijua wanakwenda kuona nini. Mtoto wa miaka sita aliyeletwa kwa sababu ya herufi kwenye simu hakuulizwa.

Alhamisi asubuhi mama aliandika taarifa yake ya sanduku la maoni. Aliandika sifa zote, akaandika na choo. Chini yake akanakili kutoka kwenye daftari majina ya watoto wenye mapengo, na namba za simu za mama zao pale zilipokuwepo, akamwomba mganga mfawidhi muda wa maongezi wa kuwapigia. Wa kwanza hakupatikana. Wa pili alipokea, akasema amehamia Kongowe na mtoto alishachanjwa huko. Wa tatu alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuanza kueleza, na mama akavuta kiti.

Nyumbani, binti alikuwa na mradi wake. Alikata maboksi ya dawa ya meno, akachora herufi pembeni, A+ hadi F, na kati ya herufi na herufi akatoboa kwa sindano ili zikunjike. Usiku, baada ya ugali na dagaa, alipita na kadi zake. Baba alikunja A. Mama alikunja A+, akaambiwa hawezi kupigia kura chakula alichopika mwenyewe, akakunja A. Baba mdogo, aliyekuja kuchukua waya wake na kukuta sahani, alikunja A+ na kuomba kuongezwa.

Binti aliandika matokeo kwenye daftari la hesabu, akapiga mstari kwa rula. Kisha akaitazama sahani ya mdogo wake, iliyofunikwa pembeni ya meza, ugali mzima na dagaa hawajaguswa. Mwenyewe alikuwa ameshalala kwenye mkeka, kopo mkononi.

"Mama," aliuliza, "huyu naye nimwandikeje?"